Mwenye Ufunguo Hatanii

Ukitaka kujua kama nyumba ina mchwa, usimwulize mwenye nyumba. Atakuapia kwa jina la mama yake. Gonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole, anzia chini, panda polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Mninga mzima hujibu kwa sauti nzito. Ulioliwa hujibu kama debe tupu. Na kagonge masika, udongo umelowa, wadudu wana nguvu. Sisi tulikuwa tunasema: kagua masika, uza kiangazi. Dalali yeyote atakwambia kinyume chake, na sasa unajua kwa nini.

Nimeanza na mchwa makusudi, kwa sababu nawajua nyinyi vijana wa kamati mpya. Mnapenda kuanza na makaratasi. Makaratasi mtayazoea, hayana ubishi. Kazi yenyewe ni watu, na watu ndio nataka niwaambie habari zao, pamoja na kosa langu moja ambalo nikilikumbuka hadi leo masikio yanapata moto.

Mimi ni Maganga. Nilikuwa katibu wa mauzo ya nyumba katika ua wetu hapa Kanyenye tangu nywele zikiwa nyeusi mpaka zikaniishia. Kwa wale mlioingia juzi, ua wetu una nyumba kumi na mbili zinazotazamana. Kila nyumba ina mwenyewe na hati yake. Lakini kisima, jiko kubwa, ukumbi na huo uwanja wa katikati ni vya wote, na jioni tatu kwa wiki tunakula sufuria moja. Kwa hiyo mtu akiuza nyumba kwetu hauzi kuta na bati tu. Anatuchagulia jirani, mtu ambaye kesho atakuwa na zamu ya kupika na nitakula chakula cha mkono wake nikitaka nisitake.

Ndiyo maana hapa hakuna kuuza kwa mlango wa nyuma. Nyumba ikitaka kuuzwa, tunaitana ukumbini. Wanaulizwa kwanza wakazi wa ndani: yupo anayetaka kuhama nyumba yake aingie hii? Asipopatikana, ndipo tunafungua daftari la wanaosubiri nje, wa kwanza ndiye wa kwanza, awe tajiri awe mchovu. Muuzaji mwenyewe wakati huo anakaa nje kwenye benchi. Hasikii kitu. Ni mateso, lakini ni mateso ya lazima.

Bei nilifundishwa na Mzee Jivan, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa kabla hajalifunga na kuja kukaa nasi namba mbili. Mzee yule alipima nyumba kama alivyopima khanga, huku akikutazama usoni. Aliniambia, "Bwana Maganga, muuzaji anapandisha kwa sababu ya kumbukumbu zake, mnunuzi anashusha kwa sababu ya woga wake. Wewe usimsikilize hata mmoja."

Akanionyesha njia yake. Wakazi watatu wanaingia kukagua nyumba, mmoja mmoja, bila kuongea. Kila mmoja anaandika bei yake kwenye kikaratasi na kutumbukiza katika kopo la majani ya chai. Tukifungua, tunachukua bei ya katikati. Nikajifanya mjuaji, nikauliza kwa nini tusijumlishe zote tugawe kwa tatu, kama tulivyofundishwa shuleni.

"Ukigawa, mwizi mmoja anaivuta bei anakotaka," alisema. "Ukichukua ya katikati, mwizi kachoka bure."

Mara ya kwanza kuisimamia kazi hiyo peke yangu niliboronga. Muuzaji aliwakaribisha wakaguzi wangu chapati na nyama ya kukaanga, nami nikaona ni ukarimu tu, mtu atakataaje chakula cha jirani? Kopo likafunguliwa, bei zote tatu zimepanda juu ya paa. Mzee Jivan akavivuta vile vikaratasi, akavisoma, akavua miwani. "Hapa mmepima nyumba au mmepima chapati?" Tokea siku hiyo mkaguzi wangu hapitishi hata glasi ya maji kooni mpaka karatasi iwe ndani ya kopo.

Halafu kuna lile jambo la mnunuzi wa nje kutupikia Jumamosi moja kabla hajapewa nyumba. Nasikia mmoja wenu anataka liwe mtihani, watu watoe maksi. Acheni hayo! Alikuja mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, akaogopa, akaleta mpishi wa hoteli na kofia yake nyeupe. Tukala pilau ambalo halijawahi kupikwa ua huu, na yeye mwenyewe akashinda kakaa kwenye kiti kama bwana harusi. Wengine wakanong'ona asipewe, eti hajui hata ndoo ya kisima inapotundikwa. Nikawaambia, huyu ni wa kwanza kwenye daftari, kupika vizuri au vibaya hakumwondoi. Siku ile si ya sisi kumwona yeye tu, ni ya yeye kutuona sisi, akitaka kukimbia akimbie mapema. Hakukimbia. Leo mlenda wake na michembe, vile viazi vikavu, watu wanaviachia nafasi tumboni.

Haya. Sasa niwape lile kosa.

Namba tisa, pale nyuma juu ya ngazi saba za mawe, alikuwa akikaa Bi Tatu. Bi Tatu ni Mzaramo, aliletwa Tabora na mume wa reli, mume akafa, yeye akabaki. Nami ni Mnyamwezi. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi labda hamjui uzito wake: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwao, wakatukanana njia nzima na kuzikana wakifiana, na utani ukabaki. Basi kila asubuhi nikitoka na mswaki nasikia kutoka juu ya ngazi, "Mpagazi! Umeamka? Mzigo wako nani kabeba leo?" Nami najibu, "Mzaramo, ngoma imekwisha saa ngapi?" Hapo ndipo siku inaanza. Siku nisipotukanwa na Bi Tatu chai haishuki.

Alikuwa na mdogo wake, Zuhura, akiishi Igalula karibu na stesheni. Macho ya Zuhura yalififia kidogo kidogo mpaka yakazima kabisa, na mumewe alikuwa ameshatangulia. Bi Tatu alimleta hapa mara moja akae naye. Wiki ya pili Zuhura akakosea ngazi, akaanguka, akavunjika kiwiko. Kilipopona akaomba mwenyewe arudishwe Igalula. Alisema, heri giza nililolizoea. Bi Tatu akawa anapanda treni kila baada ya muda na mfuko wa unga, kwenda kumwangalia mdogo wake anayepikiwa na majirani.

Jiko letu kubwa liko katikati ya namba nne na namba tano. Ukuta ni mmoja, sakafu ni moja, hakuna hata kizingiti. Mtu asiyeona akikaa nyumba mojawapo ya hizo mbili anaweza kushika ukuta akaenda jikoni, msalani, kisimani, peke yake. Namba tano nilikuwa nakaa mimi na mke wangu Kalunde. Namba nne alikuwa Mzee Mihambo. Bi Tatu alikuwa ameliona hilo miaka mingi, lakini hakumwambia mtu. Nani mwenye adabu anaulizia nyumba ya mtu aliye hai?

Mzee Mihambo akafariki. Mnyamwezi mwenzangu, kwa hiyo msibani Bi Tatu alikuwa na haki yake ya mtani, na aliitumia yote. Alivaa koti la marehemu, akatembea anavyotembea marehemu, akapiga chafya kama yeye. Ilipofika wakati wa kutoa jeneza akajilaza mlangoni. "Haondoki mtu! Nyumba hii nimeirithi mimi! Wapagazi nyie, toeni hela au mumzike humu humu!" Waliokuwa wanalia wakacheka katikati ya machozi, wakatoa sarafu, akainuka, tukazika. Ndivyo inavyotakiwa. Mazishi bila mtani ni makavu.

Baada ya arobaini, watoto wa marehemu wakasema wanauza. Nikaita mkutano. Nikauliza kama sheria inavyotaka: yupo mkazi anayetaka kuhamia namba nne?

Bi Tatu akasimama. "Nyumba hii haitoki nje. Nilishawaambia tangu msibani, ni yangu mimi. Wapagazi nyie, nani wa kunitoa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Maneno yale yale, mtu yule yule, tulimwona na macho yetu kalala mlangoni.

Akangoja kicheko kipungue, akasema tena, taratibu. "Nasema kweli. Naitaka namba nne."

Nikamjibu, tena nikajiona hodari, "Mzaramo ukikaa karibu na jiko, wengine tutakula nini?" Loo! Watu walipiga meza. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikatoa leso. Nilipomaliza kufuta machozi Bi Tatu alikuwa ameshaketi. Nikachukua kalamu nikaandika: hakuna mkazi anayehama.

Namba nne ikaenda kwa Shija, kijana wa Sikonge anayeuza asali, mtu na watoto wanne, aliyesubiri kwenye daftari kwa uvumilivu mkubwa. Tulifuata kila kitu: wakaguzi watatu, kopo, Jumamosi ya kupika. Nikamkabidhi ufunguo mbele ya watu. Niliona nimefanya kazi safi.

Kesho yake asubuhi nikatoka na mswaki. Juu ya ngazi Bi Tatu alikuwa anafagia. Akasema, "Habari za asubuhi, Katibu."

Katibu! Nikadhani amelala vibaya. Kesho yake tena, "Habari za asubuhi, Katibu." Wiki nzima. Kalunde ndiye aliyeweka sufuria chini akanigeukia. "Mtani wako anakuamkia kwa adabu. Umemfanya nini?"

Nikapanda ngazi saba. Nikamkuta anamenya karanga. Sikujua nianzie wapi, nikamtania kidogo, hakupokea. Akaendelea kumenya.

"Nilisema mbele ya watu wote," aliniambia. "Mkacheka. Nikasema mara ya pili kwamba nasema kweli. Mkacheka zaidi. Wewe ulicheka mpaka ukatoa leso. Sasa ulitaka nipige magoti?"

Nikamuuliza nyumba ile aliitakia nini. Akanitajia jina moja tu, Zuhura, na mimi nikaona ule ukuta, ile sakafu isiyo na kizingiti, yote kwa mara moja, mimi niliyejidai najua kila tofali la ua huu.

"Nilikuwa nimeshampigia simu," alisema. "Nilimwambia afunge vitu vyake. Sasa nikimpigia namwambia bado kidogo. Anauliza kidogo kiasi gani."

Wanangu, niliona aibu. Si aibu ya kusingizia, ile ya kukohoa na kusema bahati mbaya. Nilishuka zile ngazi nimezishika na mikono.

Kamati walinipa ushauri mzuri wa kunisaidia mimi: maji yameshamwagika, mkazi hakufuata utaratibu, angeandika barua. Wengine wakasema Shija aombwe atoke. Nikakataa yote mawili. Bi Tatu alifuata utaratibu, alisimama akasema, aliyeshindwa kusikia ni mimi. Na Shija alinunua kwa haki, watoto wake walishapanda mchicha nyuma ya nyumba. Hili lishikeni, hata mkisahau mchwa: kosa la katibu halilipwi na muuzaji wala mnunuzi. Linalipwa na katibu.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Kalunde kwamba nataka tubadilishane na Bi Tatu. Yeye achukue tano, sisi tukakae tisa, na tofauti ya bei nisimdai.

Kalunde alinitazama. "Kicheko ulicheka wewe," alisema, "ngazi nipande mimi?" Akaenda kulala. Siku ya tatu nimerudi kutoka sokoni nikamkuta juu ya stuli anashusha mapazia. "Unanitazama nini? Shika stuli!"

Mkutano ukaridhia. Zuhura akashuka treni na begi moja na redio. Bi Tatu akamwekea mkono ukutani, mlangoni pa namba tano, akamwachia. Sote tulikuwa uwanjani. Zuhura akaenda na ule ukuta, akafika jikoni, akapapasa, akashika mtungi wa maji. Akasema, "Kumbe ni hapa tu?" Bi Tatu akajifunika uso na khanga. Kisha akaifunua, akanitafuta kwa macho. "Mpagazi! Angalau safari hii mzigo umefika salama." Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Baada ya hapo ndipo tukaweka ile kanuni mnayoiona kwenye mikutano. Ufunguo wa nyumba inayouzwa unawekwa mezani. Mwenye dai au pingamizi anakuja kuushika. Aliyeushika hatanii wala hataniwi, na atakachosema kinaandikwa kama kilivyo, kisha kinajibiwa ndani ya siku saba na anayehusika, naye akiwa ameushika. Kabla ya kujibiwa nyumba haitoki. Hatukukataza utani, nani angeishi? Tuliupa mahali pa kusimama.

Sasa nifike ya juma hili, maana ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Kalunde alifariki mwaka jana. Ukatibu nilishauacha, mnao nyinyi, na Neema anaushika vizuri kuliko nilivyoushika. Binti yangu wa Dodoma akawa ananiambia kila akipiga simu, "Baba, hapo unakaa peke yako, njoo." Nikakubali. Nikatangaza namba tisa inauzwa. Wa kwanza kwenye daftari ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kijana mstaarabu.

Jumapili iliyopita nikakaa benchi la nje. Kumbe benchi lile ni gumu hivyo! Sikuwahi kujua. Kisha Neema akatoka akaniita ndani, akasema kuna pingamizi, kanuni inataka muuzaji alisikie.

Bi Tatu alikuwa amesimama mbele. Akasema, "Napinga. Mpagazi huyu asiuze, asiende popote."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanautazama mkono wake, na mkono wake ulikuwa umeushika ufunguo.

Neema akauliza, "Sababu, Bibi?"

"Tangu mkewe afe, Zuhura anampelekea uji asubuhi. Anazipanda zile ngazi saba mwenyewe. Zile zile zilizomvunja. Kazihesabu, kazijua, kikombe hakimwagiki. Anasikiliza kikohozi cha huyu ajue amefika." Akaugeuza ufunguo mkononi. "Huyu akiondoka, Zuhura ataamkia wapi? Na mimi nitamtukana nani?"

Neema akaandika, neno kwa neno. Akasoma kwa sauti. Akauweka ufunguo mbele yangu, akaniambia nina siku saba, mzee.

Leo ni siku ya sita. Jana nilimfuata mwalimu kwake, kwa sababu mtu aliye kwenye daftari haambiwi jambo kwa kusikia njiani. Akaniuliza swali moja tu, kama bado ni wa kwanza. Nikamwambia bado ni wa kwanza, na nyumba ijayo ni yake. Akasema basi atasubiri, akanisindikiza mpaka barabarani. Binti yangu nimempigia. Alinuna, kisha akauliza nani hasa ananipikia uji. Nikamweleza. Akasema likizo atakuja kumwona.

Ufunguo uko hapa mezani ninapoandika. Kesho saa nne mtakuwa ukumbini, nanyi vijana nataka mje wote mjifunze namna mtu anavyojibu. Nitasimama na ufunguo wangu mwenyewe mkononi, sitatania, na Neema aandike kama nitakavyosema: pingamizi limekubaliwa.